Chumvi kwenye Mchicha

Asubuhi ile niliondoka nyumbani Jinja na shati moja la ziada, kipande cha sabuni na hasira. Sikuwa na safari yoyote. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo mdogo wangu hayupo.

Tulikaa kwenye nyumba za askari magereza, kwa sababu baba alikuwa askari. Majirani walitoka pande zote za kaskazini na mashariki, kwa hiyo lugha yetu ya uani ilikuwa Kiswahili, hata kama watu wa mjini wakikisikia walikumbuka bunduki za wanajeshi. Mimi niliachia shule darasa la saba. Hakuna aliyenifukuza, nilishindwa tu kukaa. Mdogo wangu akaendelea mpaka sekondari, na miaka yote hiyo sikumwonea wivu, maana nilikuwa na cheo changu pale nyumbani. Mimi ndiye niliyejua mambo. Mama akitaka kujua kwa nini redio inakoroma mvua ikikaribia, aliniuliza mimi. Majibu yangu niliyaokota njiani, mengine kwenye mashamba ya Budondo, mengine ufukweni Wanyange.

Wanyange ndiko nilikojua chumvi. Nilifanya kibarua kwa mama mmoja aliyekausha sangara. Tulipasua samaki, tukapanga safu moja ya samaki na safu moja ya chumvi ya mawe, mpaka pipa likajaa. Kesho yake chini ya pipa kulikuwa na maji ambayo hakuna aliyeyamimina, na samaki amekakamaa, tayari kukaa muda mrefu bila kuoza.

"Maji haya yametoka wapi?" niliuliza.

"Kwa samaki. Ulifikiri nimekojoa mimi? Panga samaki."

Basi kiangazi kile, mama alipolalamika kwamba mchicha wake, ule tunaouita dodo, unalegea kabla hajaumaliza kuuza, nilimwambia aniachie. Chumvi inatunza samaki, itashindwa na majani? Nilikoroga chumvi nyingi kwenye karai, nikalaza mafungu yote humo, nikayapanga kwenye meza yake ya kuuzia yakiwa yanang'aa. Mama alinisifu mbele ya majirani. Jua halijafika utosini, mchicha wote ulikuwa umelala.

Askari mmoja aliyetoka zamu aliinua fungu kwa vidole viwili. "Mama, leo unauza mboga au matambara?"

"Muulize huyu injinia wangu, afande," mama alisema.

Watu wakacheka. Na mimi ningecheka, mambo yakaishia hapo, lakini mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka shule. Aliweka mkoba chini, akachukua jani, akauliza nilichofanya, na alipoambiwa akatabasamu. Lile tabasamu ninaliona mpaka leo.

"Kaka, umeukamua," alisema. "Jani limejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila chumba kimejaa maji, ndiyo maana jani linasimama. Kimezungukwa na utando. Huo utando unapitisha maji, lakini chumvi hauipitishi hivihivi. Nje kukiwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji yanatoka kuifuata. Chumba kinabaki na ukuta wake, ndani kimenywea. Inaitwa osmosisi."

"Na samaki?" niliuliza, nikidhani nimemkamata.

"Hivyohivyo. Chumvi inamtoa maji, na vijidudu vya kuozesha navyo inavikamua. Samaki unataka akauke. Mboga nani anataka ikauke?"

Askari akaguna kwa heshima. Mama alikuwa anamsikiliza mdomo wazi kidogo, kichwa upande. Kichwa kile kilikuwa kikiinamishwa hivyo kwa ajili yangu.

"Wewe hizo seli umeziona?" nilimuuliza.

"Nimeziona. Ngozi ya kitunguu, kwenye hadubini. Zimepangana kama matofali, na kila moja ina kidoa ndani. Kile ndicho kiini."

"Nipeleke na mimi nione."

"Maabara si soko, kaka. Hawaingizi watu wa nje."

Alisema bila ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. Sare zake sikuwahi kuzitamani, wala kalamu zake, wala Kiingereza chake. Nilichokionea wivu jioni ile ni jicho lake. Wakati wa chakula nililitazama likipepesa juu ya sahani, jicho la kawaida, limefanana na langu, na lilikuwa limeingia ndani ya kitunguu. Mimi nilikuwa nimekata vitunguu maisha yangu yote nikatoka na machozi tu. Kisha mama akamgeukia. "Na redio, mwanangu, kwa nini inakoroma mvua ikikaribia?" Akamuuliza yeye, mimi nikiwa nimekaa hapohapo. Sikumaliza chakula.

Kesho yake asubuhi nilikuwa barabarani. Lori lenye makreti matupu lilisimama, dereva akitafuta mtu wa kushikilia turubai lililokatika kamba.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Mbale."

"Basi na mimi."

Nilidhani upepo utaniondolea yale maneno. Haukuyaondoa. Tulipita Iganga, tukapita mabwawa ya mafunjo na mashamba ya mpunga, na kila kilichosimama kijani nilikiona kimesimama kwa sababu kimejaa maji vyumbani mwake. Palipokauka niliona vyumba vimenywea. Nilichukia kuona vizuri namna ile kwa maneno ya mtu mwingine. Hata mlima Wanale ulipotokea, umeinamia mji, nilijikuta nawaza jinsi mdogo wangu atakavyouelezea.

Dereva aliniteremsha Namatala, mtaa wa Mbale, akasema huko chumba hakikosekani. Kilikosekana mara kadhaa. Jua lilikuwa limeshuka nilipofika kwa mama mmoja wa Kinubi aliyekaa mlangoni, mjukuu wake mapajani, mtoto mchanga mwenye macho yaliyoingia ndani. Nilisalimia, akaitikia, nikauliza chumba.

"Kipo. Unafanya kazi gani?"

"Kazi yoyote."

"Hiyo ina watu wengi hapa." Lakini alinionyesha kigoda nikae. Mtoto alikuwa anaharisha tangu jana, alisema, na mkono wake ukarudi kwenye sufuria ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Alitia sukari, akatia chumvi kidogo, akakoroga, akaonja, akaanza kumnywesha kwa kijiko.

Sikuweza kunyamaza. "Mama, chumvi si inatoa maji? Mtoto ameishiwa maji, na wewe unampa chumvi?"

Alinitazama kama mtu aliyeingia na viatu msikitini. "Wewe umetumwa na nani? Chumvi ni kidogo, haizidi ladha ya machozi. Na inakwenda na sukari. Ukiacha kimoja, dawa haishiki. Wa zahanati walituambia hivyo, na watoto wanapona."

"Lakini kwa nini sukari?"

"Kijana, mimi nanywesha. Kwa nini, waulize waliosoma."

Jibu nililipata nikiwa mtu mzima: kwenye utando wa seli za utumbo kuna mlango unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na zikishaingia maji huzifuata. Jioni ile sikulijua, wala hapakuwa na wa kunijibu. Nilikaa nikimwangalia mtoto akimeza kijiko baada ya kijiko, mpaka akageuza kichwa mwenyewe kutafuta kingine. Bibi yake akacheka kwa pumzi, akanirushia ufunguo wa kufuli.

Chumba kilikuwa na mkeka na dirisha la ubao. Nilitundika shati langu kwenye msumari, nikajilaza, nikalirudia lile swali la sukari polepole kama mtu anayeonja tunda aliloliiba. Mdogo wangu hakuwa amenipa hili. Nilimwona akilini yuko darasani, mkono juu, mwalimu akigeukia ubao. Nikaomba, kwa moyo mbaya kabisa, mwalimu yule awe hajafika kwenye somo hilo.