Nilivyojifunza kuandika Kichina Kahama: ingiza ng'ombe kwanza, ndipo ufunge zizi

Wakuu, heshima kwenu.

Siku ile kwenye yadi ya spea tulikuwa wanne: mimi, Shija, Masanja dereva ambaye pia ndiye mkalimani, na bosi mwenyewe, mwanamke wa Kichina tunayemwita Mama Mei kwa jina la bintiye. Nikiongeza chumvi, Masanja yumo humu, atanisuta.

Kazi ilikuwa moja, kutunza stoo na kuandika spea kwa Kichina. Inakuja na vyumba viwili nyuma ya yadi. Nilivitaka vile vyumba kuliko kitu chochote.

Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, maana mimi ndiye mkubwa. Wadogo zangu wakagawanywa: Kulwa kwa mama mdogo huko Mhunze, Doto kwa baba mdogo huko Chato.

Mapacha, wakuu!

Doto akipiga simu swali ni lile lile: "Dada, umepata nyumba?"

Riziki yangu ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Nikajisemea Kichina ni michoro tu, nitakinakili. Nikaokota maboksi ya pampu yaliyotupwa, nikanakili mpaka kidole kikawa kinajiandikia chenyewe pajani, hata kanisani.

Sasa, fundi wa mabango huanza na umbo la nje. Unalifunga, ndipo unajaza ndani. Ndivyo nilivyoandika hata neno la "nchi", lililo kwenye kila boksi: 国. Fremu kwanza, vya ndani baadaye. Likitoka, linapendeza.

Tukiwa kwenye kivuli cha kontena tunasubiri kuitwa, sikutulia. Nachora kwa kijiti mavumbini, nafuta kwa mguu, nachora tena. Shija, mfugaji wa Kishapu aliyewahi kupakia mizigo kwa Wachina wengine, akacheka.

"Bebe, wewe dada! Unafunga zizi ng'ombe wako nje?"

"Kwani halifanani?"

"Linafanana. Ila hawa hawaangalii karatasi, wanaangalia mkono. Bosi akiandika haraka mistari inashikana, usipojua alikoanzia husomi kitu. Hata simu ukiichorea kwa kidole ovyo, inakuletea neno jingine."

Akanipokonya kijiti. Ukuta wa kushoto. Juu, kisha kushuka kulia. Ng'ombe wakaingia: mlalo, mlalo, wima, mlalo, nukta. Mwisho kabisa, mstari wa chini.

"Miiba ya mlangoni inawekwa mwisho. Ungechunga ungejua."

"Mbona unanifundisha, na kazi ni moja?"

"Unanitia kizunguzungu. Kaa chini."

Sikukaa.

Tulipoingia, Mama Mei alisimama nyuma ya mabega yetu, akawa anataja neno, tunaandika. Kweli, macho yake yalikuwa kwenye mikono. Shija hakukosea mpangilio hata mara moja, ila mkono wake umezoea mizigo, mistari ikapandana. Yangu ilinyooka. Na mlango nikaufunga mwisho.

Akauliza nani amenifundisha. Nikamwonyesha Shija. "Ni huyu, bosi. Hapo nje, sasa hivi."

Akaongea kirefu, Masanja akatafsiri kifupi: "Anasema mpangilio wenu ni mmoja, ila wa dada unasomeka. Nafasi ni moja."

Shija akavaa kofia yake.

"Nduhu tabu, hakuna shida. Kalete mapacha. Ila ukishajua mengi, mkono wangu utaunyoosha wewe."

Nikamjibu, "Nitaunyoosha."

Sasa hivi ninapoandika, Kulwa na Doto wako hapo nje wanagombania ndoo. Mpaka raha.

Ila situlii. Shija alielekea machimboni Geita na namba yake haipatikani tena. Gari la wachimbaji likisimama kununua spea natoka mbio, nachungulia sura moja moja. Masanja ananicheka.

Somo nililopata: kitu kinaweza kufanana kabisa na kilicho sahihi na bado kikakuangusha kwa sababu ya ulikoanzia. Muulize hata unayegombea naye.

Mnaojifunza haya maandishi, semeni mmekwama wapi, ninalolijua nitajibu.

Na mlioko machimboni: mkimsikia jamaa wa Kishapu anamwambia mtu aingize ng'ombe kwanza, mwambieni mwanafunzi wake amekuwa mwalimu. Kalamu aliyoandikia siku ile ipo hapa stoo, haijaguswa. Nilimwahidi mkono ulionyooka, na hata mstari mmoja sijamlipa.