Bunduki ya kwanza ya Zawadi

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mke, kaka wawili, na wote niliowinda nao Rukwa. Mtu asinifundishe bunduki.

Leo mjukuu wangu Zawadi, nesi hapa London, kibali anacho, kanipeleka dukani nimchagulie bunduki yake ya kwanza. Ya kuwindia na ya mashindano ya shabaha.

Nikachagua palepale. Ya bolti, komeo la kuvuta kwa mkono kila risasi, nyepesi, kitako cha mti. Mwenye duka mwenyewe akasema mzee anajua.

Zawadi akaiweka bega la kushoto.

"La kulia, mama."

"Babu, mimi mashoto."

"Kwetu hakuna mashoto. Tulikutoa hiyo ukiwa mdogo."

"Mlinitoa kwenye kijiko tu, Babu."

Mwenye duka akaleta nyingine, bolti yake iko kushoto. Zawadi akakoki bila kuinua shavu kwenye kitako. Akakoki tena.

Kachukua hiyo.

Sikusikia hasira wala furaha. Nilisimama tu na ile yangu mkononi mpaka nikaombwa niirudishe.

Haya, semeni nyie.

Anayebisha amuulize binti yangu Rehema, mama yake Zawadi. Alikuwepo. Na kwenye gari ndio kaniambia, miaka yote hii hata yeye mwenyewe vitunguu anakatia kushoto.