Daktari Yuko Chumba cha Pili

Jumatatu, kwenye kliniki moja ya Ruiru, niliyaona maendeleo kwa macho yangu. Cucu mmoja, bibi mzee mwenye mguu uliovimba, alikuja kwa bodaboda kutoka Mugutha, kwa sababu simu yake haina video ya kuongea na daktari akiwa nyumbani. Karani akampa tableti ili aongee na daktari, aliyekuwa chumba cha pili. Sauti ya daktari tuliisikia mara mbili, kwenye tableti na kupitia ukutani.

"Mama, bonyeza juu ya kifundo. Shimo linabaki?"

"Miwani nimeacha nyumbani. Si uko hapo tu? Kuja ubonyeze."

"Huu ni utafiti, mama. Tunataka kujua kama mgonjwa anaweza kutibiwa akiwa mbali."

"Mbali ni Mugutha, na nimeshatoka huko."

Akaiacha tableti kitini, akafungua mlango, akainua gauni hadi gotini. Daktari akabonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki, akaagiza apelekwe hospitali Thika mara moja.

Kwenye utafiti, nadhani, ataandikwa kuwa ameshindwa kutumia huduma. Mke wangu aliitumia vizuri sana, akiwa kitandani kwetu Ngoingwa. Alijibonyeza mwenyewe, akamwambia daktari kwa adabu kwamba haoni shimo. Tulimzika mwaka jana.