Vigingi vya Sepuka

Nilikwenda Sepuka kwa sababu kituo chetu cha utafiti wa mbao, Morogoro, kilikuwa kinafungwa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, na barua yangu ya kupunguzwa kazini nilikuwa nayo mfukoni. Mkuu wetu akaniambia, "Lete majibu ya vile vigingi, la sivyo kazi yote inakwenda jalalani." Miaka saba nyuma nilikuwa nimevichimbia huko, vya msindano, mti laini wa kupandwa, safu nne: ya oili chafu, ya kriosoti (ile dawa nyeusi ya nguzo za simu), ya chumvi ya shaba, na safu isiyopakwa kitu. Tulitaka kujua kuvu ingeozesha ipi kwanza, na lini.

Manyoni nilishuka kwenye treni kumepambazuka, nikapanda lori la marobota ya mitumba hadi Singida. Dereva alisifu biashara njia nzima.

Kesho yake niliazima baiskeli. Saa tisa alasiri nilifika Sepuka, makalio yakiwa na malalamiko yao. Mama Salome, mwenye shamba, alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini hawali?"

Alinipa togwa, tukashuka bondeni. Vigingi vyote vilikuwa vimesimama na vibati vyao vya namba. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: unasukuma kwa mkono, kikivunjika kimeoza. Nikasukuma safu baada ya safu, furaha ikinipanda, mpaka nikafika kwenye ile isiyopakwa kitu. Nayo ilikuwa imara. Nikakwangua kwa kisu: haukuwa msindano, ulikuwa mti wa porini.

"Mama, umevibadilisha?"

"Vilivyooza tu. Kibati nahamishia kwenye kipya. Si ulisema nikutunzie visiharibike?"

Nilikaa chini. Kweli nilisema hivyo, kijana mwenye haraka, bila kumweleza kuwa kule kuoza ndiko tulikokuwa tunakusubiri. Nikamweleza sasa. Akashika kibati cha kwanza.

"Hiki kilianguka mwaka aliozaliwa mjukuu wangu Yohana. Hiki, masika yaliyofuata. Hiki cha oili, mwaka alioolewa binti yangu Salome, mvua ikakata daraja."

Niliandika mpaka jua likazama. Vya shaba alikuwa amebadilisha kimoja. Vya kriosoti hakugusa.

Asubuhi, nikifunga mzigo, aliuliza, "Hivi vya kwangu nikavichome?"

"Viache, mama."

Morogoro, mkuu alisoma jedwali langu, akauliza nani alipima mwaka hadi mwaka. Nikamtaja. Akaliandika jina lake juu, kabla ya langu, na kituo kikafungwa.

Siku hizi nauza mbao na nguzo, na harufu ya kriosoti bado inanirudisha bonde lile. Nilijifunza kumweleza mtu sababu ya kazi kabla ya kumwachia kazi. Juzi mama mmoja, mtoto wa kike mgongoni, aliniuliza nguzo zangu zitakaa muda gani.

"Huyo ataolewa zikiwa zimesimama," nikamwambia.