Mswala Niliouacha Wazi

Mnaopenda kubisha, bisheni. Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mimi, mchana kweupe, ghorofani mtaa wa Msimbazi, huku wauza simu chini wakishindana kwa spika.

Natengeneza mashine za kuwatunza joto watoto njiti. Kerneli yake, ile programu ya ndani inayogawia kila kazi zamu kwenye prosesa, niliiandika mwenyewe. Mashine ya kwanza ilikuwa kwenye zahanati moja Buguruni, na aliyelazwa ndani ni mtoto wa dada yangu Rehema. Sasa, mara mojamoja ikawa inasoma joto la uongo. Nilikagua nyaya, nikabadilisha kipimajoto, wapi!

Adhuhuri ile nimeshasali, niko kwenye dua: "Ya Rabbi, joto la mtoto wa Rehema lisi..." Simu ikaita. Nesi.

"Kaka, mashine inasema mtoto anaungua, imejizima, na mtoto ni wa baridi! Nimempa mama yake amweke kifuani."

Nikakimbilia nje kwenye ngazi nimsikie vizuri, mswala nikauacha wazi. Si mnajua wazee wanavyotuonya? Kunja pembe, shetani asije akausalia.

Narudi, kuna mtu juu ya mswala. Mgongo wangu, shati langu! Na kwa sauti yangu anamalizia: "...lisipande, lisishuke. Na Mwanaisha avuke salama na kivuko cha Magogoni." Mwanaisha ndiye nani? Wallahi simjui. Akainuka, akanipita mlangoni bila kunitazama.

Nikamuuliza Mangi, mwenye duka la jirani.

"Si wewe umetoka mara mbili?" akasema. "Kuingia ndiyo sijakuona."

Niamini, udadisi ulinizidi woga. Mtu kakaa pale nilipokatishwa, kayakuta maneno yangu, kayachanganya na yake! Je, na kwenye mashine kazi hazifanyiani hivihivi? Nikaifungua kerneli palepale. Kumbe kazi moja ikikatishwa ili nyingine ipate zamu, nilikuwa nahifadhi namba nzima tu. Za desimali, kama joto la mtoto, nilizisahau humohumo kwenye prosesa, kazi ya feni ikija inaandika zake juu ya hizo. Nikaiandika upya: hifadhi zote kwanza, ndipo umpishe mwingine, mwenyewe akirudi, mrudishie zake. Jioni nikaipeleka Buguruni, na joto halijadanganya tena.

Mtoto sasa anatambaa. Mimi ndiye sijapona. Nikiinua mikono tu, namwombea Mwanaisha kabla sijajijua. Na sauti ya marehemu mama, niliyokuwa naisikia kila nikifumba macho, imefutika kama zile desimali. Naitafuta, siipati.

Kwa hiyo wewe, ukiitwa ghafla, kunja kwanza. Anayekuita atasubiri.