Kiwanja cha Dada Ndani ya Simu

Dada yangu ni fundi mapazia, na kama hujamwona akipima dirisha, basi hujaona maringo. Hupanda kigoda, hunyoosha futi kamba, huguna, hushuka, kisha hupanda tena utadhani dirisha limeongezeka alipogeuka. Halafu hutaja bei mara moja tu. Akishaitaja imetoka. Kitambaa kikipanda dukani kesho yake, atashona kwa bei ileile huku akinung'unika wiki nzima, na mnung'uniko wote huo naubeba mimi, kwa kuwa tunaishi pamoja kwenye nyumba ya kupanga na chumba chake cha kushonea ndicho sebule yetu.

Mwaka jana alinunua kiwanja. Alipotangaza sikucheka, maana mtu amehangaika maisha yake yote kwenye nyumba za watu. Nikamuuliza kiko wapi. Akawasha simu akanionyesha. Kilikuwa humo ndani.

Aliyemwingiza ni binti yake, kifungua mimba. Anafanya kazi kwenye kampuni yenye dunia yake mtandaoni: watu huingia kwa simu, hununua ardhi isiyo na vumbi, hujenga, hutembeleana, na kila mwezi hulipia ada ya kiwanja. Binti yetu yuko huduma kwa wateja, kazi yake ni kupokea simu za watu waliokasirika. "Mama, chukua kimoja," alimwambia. "Ada ni ndogo na haipandi, wametuhakikishia." Dada akaamini papo hapo. Huyu huyu ambaye mimi, ndugu yake wa tumbo moja, hunihesabia ndoano za mapazia kabla ya kuniachia chumba!

Nyumba aliyoijenga ilikuwa kichekesho. Ilikuwa madirisha matupu, na kuta chache za kuyashikilia. Kila dirisha lilikuwa na pazia, na kila pazia alilitundika mwenyewe kwa kidole, mikunjo sawasawa, pindo lisiguse sakafu. Jioni huvaa miwani yake ya kusomea, huingia humo na kuyafungua yote. Nikimwita kula hujibu, "Subiri kwanza, niko nyumbani." Ati nyumbani! Na mimi niliyekaa naye mkeka mmoja nilikuwa wapi? Nilimtania sana. Lakini wateja wakaanza kuja, watu wa mbali wasiotujua, wanapita barabara za humo ndani, wanayaona mapazia na kuagiza ya kweli. Hapo nikapunguza utani. Kuuacha, sikuuacha.

Asubuhi moja ujumbe ukaingia. Kampuni ilianza kwa kumwita mteja wao wa thamani, nikajua tayari mambo yameharibika. Ili kuboresha huduma, kuanzia mwezi ujao ada ya kiwanja itakuwa mara tatu. Asiyelipa atanyang'anywa kiwanja pamoja na kilichojengwa juu yake.

Dada aliusoma, akanipa nimsomee, akausoma tena. Hela ya kulipa haikuwepo, hilo tulilijua bila kuambizana. Lakini si hela iliyomkausha midomo.

"Alinihakikishia," alisema. "Mtoto wangu wa kumzaa. Ina maana alijua akanificha?"

"Si umpigie umuulize?"

Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo barabarani. Dada yangu ana msimamo wake: mambo ya kazi huzungumzwa kazini. Mteja akimlalamikia pazia msibani, atamwambia aje kwenye cherehani. Basi akaitafuta namba ya huduma kwa wateja, akaweka spika, akailaza simu juu ya cherehani, kisha akafunga kilemba chake upya. Wa kumwona alikuwa nani, mimi sijui.

Tulisubirishwa na muziki mpaka nikaanza kuupenda. Mashine ikatuambia kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Kisha ikaja sauti ya mtu.

"Asante kwa kupiga simu. Mimi ni mhudumu wako, nikusaidie nini?"

Alikuwa binti yetu. Wahudumu wote waliojaa kule, tumeangukia kwake! Nikafungua mdomo nimwite, dada akanifinya paja. Nikakumbuka binti alivyotusimulia kuhusu mwenzake aliyefukuzwa kwa kupiga soga na ndugu yake kwenye simu ya kazi.

"Habari za kazi, mwanangu," dada alisema, kwa sauti ya kiofisi ambayo sijui aliitoa wapi. "Mimi ni mteja."

"Karibu, mama." Namba yetu alikuwa anaiona mbele yake.

"Nimepata ujumbe wenu wa bei."

Binti akaanza kusoma alichoandikiwa: kampuni inamthamini, kampuni inaelewa usumbufu. Alisoma bila kukosea, kama alivyokuwa akisoma shuleni. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Umekula lakini?"

"Bado, mteja wetu."

Niliuma kipande cha pazia ili nisicheke.

"Sikiliza, mwanangu," dada alisema. "Mimi kile kiwanja sikununua kwenu. Nyinyi siwajui. Nilinunua kwa binti yangu, anafanya kazi hukohuko. Aliniambia bei haipandi. Mimi nikitaja bei naishikilia hata ikiniumiza, na yeye amekulia chini ya cherehani hii, analijua hilo. Nataka uniambie kitu kimoja tu. Alijua?"

Kicheko kiliniisha. Nyuma ya binti niliwasikia wahudumu wengine wakiwasomea wateja wengine maneno yaleyale.

"Hakujua, mama," alisema, na sasa hakuwa anasoma. "Wafanyakazi tumeupata ujumbe leo, saa ileile mliyoupata nyinyi. Yeye aliuona akiwa njiani kuja kazini. Ameshindwa kukupigia. Anaona aibu."

Dada akafumba macho. Akashika gurudumu la cherehani.

"Basi," akasema. "Nilitaka kujua hilo tu. Sasa nifungie kiwanja."

"Kikifungwa, nyumba inapotea. Hairudi tena. Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika."

"Sababu ya kuondoka? Hapa kuna bei, kuna huduma mbaya, na kuna kutoiamini kampuni."

"Weka bei. Weka na hiyo ya kutowaamini, ndiyo kweli yenyewe. Ya huduma usiiguse."

Tukasikia vidole vikigonga, na mtu akivuta kamasi. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimeizoea ile nyumba ya kipuuzi.

"Imefungwa, mama. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

"Ukitoka kazini, mwambie binti yangu apitie nyumbani. Asije na habari za aibu, aje na njaa."

"Nitamwambia."

Simu haikukatika. Ile mashine ikarudi, ikaomba tuipe alama huduma ya mhudumu aliyetupokea: moja kama ni mbaya kabisa, tano kama ni nzuri kabisa. Dada alikuwa ameivua miwani, macho yamejaa maji, kidole kinaelea juu ya simu.

"Tano iko wapi?" akaniuliza. "Nionyeshe upesi, isije ikakata kabla sijampa."

Nikamshika kidole, nikamwekea pale katikati ya vitufe, kwenye tano, akabonyeza.