Tulimsubiri Mgeni Rasmi

Barua ya kumwalika mgeni rasmi niliiandika mimi mwenyewe. Nianze na hilo, maana nikianza kuwasema watu wa itifaki nitaonekana kama mtu aliyeonewa, na mimi sikuonewa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikaa mezani kwangu Dar es Salaam nikaandika "tunaomba heshima ya uwepo wako", nikaisoma mara mbili, nikaona imekaa vizuri.

Tulikuwa wawili kwenye ziara ile, mimi na rafiki yangu mshairi kutoka Tanga. Yeye alikuwa na diwani yake mpya, mimi nilikuwa na kitabu cha kumbukumbu za utoto wangu huku milimani. Tulizunguka na maboksi ya vitabu kwenye buti la gari lake, duka hadi duka. Magoma, kule chini ya mlima, tulisoma ndani ya duka linalouza madaftari upande mmoja na mbegu upande wa pili. Hapakuwa na meza kuu wala maua ya plastiki. Akina mama waliokuja kununua mbegu za mahindi waliweka mizigo chini wakasikiliza, wakacheka panapochekesha, na mmoja akambishia mshairi ubeti wake wa mwisho mpaka mshairi mwenyewe akakiri kwamba ni dhaifu. Tulimaliza, tukala wali, tukaondoka. Katika ziara nzima hatukupata usomaji mzuri kama ule.

Nami, mpumbavu, nikajiambia kwamba Lushoto lazima mambo yawe makubwa zaidi. Lushoto ni kwetu. Nilitaka watu wa kwetu waone kwamba nimekuwa mtu. Na kwa akili tuliyolelewa nayo, shughuli isiyo na mgeni rasmi si shughuli, ni majirani wamekutana tu.

Kuna mtu mmoja ambaye nilimpigia simu mara tatu ili asikose. Ni rafiki yangu wa tangu utotoni, mfinyanzi, ameolewa Malindi, si ile ya pwani, ni kijiji cha hukuhuku milimani. Vyungu vyake vinapikiwa na nusu ya milima hii, ingawa wanaovipikia hawajui ni vya nani. Tulisoma naye shule ya msingi, dawati moja, na sura ya nne ya kitabu changu inamhusu yeye kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Tulikuwa darasa la saba. Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha ya siku ya gulio. Mwenzangu akaandika jinsi mama yake alivyobeba vyungu mgongoni tangu alfajiri, akafika sokoni akakuta kimoja kimepata ufa, na jinsi alivyomwonyesha kila mteja ule ufa kabla hajaulizwa bei. Nilimwona akiandika. Alifuta, akaandika tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Siku mwalimu alipozirudisha insha, alimwita mbele. "Mtoto wa mfinyanzi," alisema, "udongo umejaa kwenye kucha, maneno haya ameyatoa wapi?" Akasema yamenakiliwa kitabuni. Kitabu gani, hakusema, wala hakukionyesha mpaka leo. Akauliza darasa zima kama kuna aliyemwona akiandika. Mimi nilikaa kimya. Kesho yake asubuhi mwenzangu alisimamishwa mstarini mbele ya shule nzima akaomba radhi kwa wizi ambao hakuufanya. Na kwa kuwa insha yake imefutwa, iliyopelekwa wilayani kushindana ikawa yangu. Huko ndiko nilikoanzia uandishi. Yeye alimaliza la saba akaenda kukanda udongo na mama yake, na hakuandika tena kitu kirefu kuliko orodha ya dukani.

Sura ya nne inayasema yote hayo. Kabla sijaichapa nilimpelekea, akaisoma, akaniomba jambo moja tu: niisome kwa sauti Lushoto, mbele za watu, na mwalimu akiwemo kama bado yu hai. Nikamwahidi. Mwalimu yu hai. Amestaafu, ana afya yake, na alipata mwaliko kama wazee wengine.

Mwenzangu alifika saa nne na nusu, viti havijapangwa. Alikuwa amevaa kitenge kipya na sweta, na mgongoni amefunga chungu kwa kanga. Akakiweka mezani pangu, pembeni ya vitabu.

"Hiki chako," akasema. "Ukipikie maharage. Usiende kukiweka kabatini kama watu wa Dar."

Mwalimu alipoingia akaketishwa mstari wa mbele, kama ilivyo desturi kwa wazee. Tulikwenda wote wawili kumwamkia. Mimi alinishika mikono miwili, akawaambia waliokaa karibu, "Huyu ni kazi yangu. Mnamwona? Kalamu nilimshikisha mimi." Mwenzangu akainama kidogo, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Wewe wa wapi?"

"Wa Malindi, mwalimu."

"Aa, Malindi. Viazi vimekubali mwaka huu?"

Akamjibu kwamba viazi vimekubali. Kisha akaenda kukaa mstari wa tatu, mikono mapajani, anatazama mbele. Mimi damu ilinichemka. Kumsimamisha mtoto mstarini, kumzima, halafu usimkumbuke hata sura! Nikasema moyoni, subiri, mzee, leo utamkumbuka.

Shughuli ilikuwa ianze saa tano. Mwenye duka, mzee wa kanisa mpole anayeuza Biblia, misahafu na vitabu vya shule kwenye rafu moja bila ugomvi, alikuwa amefunga turubai nje na kukodi viti na kipaza sauti. Watu walikuja kuliko nilivyotegemea. Wakulima waliomaliza kuuza kabichi, walimu, wanakwaya, mafundi cherehani wa jirani. Saa tano ikafika, mgeni rasmi "yuko njiani". Saa sita, "anamalizia kikao". Waliokwenda kuswali adhuhuri walirudi wakatukuta palepale, midomo wazi. Ukungu ulishuka, watu wakavuta makoti, mwenye duka akazungusha chai ya tangawizi. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tumezoea. Mtu mmoja anaweza kuchukua siku nzima ya watu mia akaiweka mfukoni, na watu mia hao wakimwona anaingia wanasimama na kupiga makofi.

Saa nane mshairi akanijia, ameshakunja uso. "Anza," akasema. "Hawa wamekuja kusikiliza, hawakuja kusubiri."

Mwenye duka alimsikia. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "akitukuta tumeanza, kesho mimi nitamwambia nini? Wewe unaondoka, mimi nabaki."

Nilimtazama mwenzangu kule mstari wa tatu. Naye alikuwa ananitazama. Nilijua, kwa sababu alishaniambia, kwamba gari la mwisho la Malindi linaondoka saa tisa na nusu, na nyumbani mama mkwe wake hajiwezi, hana mwingine wa kumlisha. Nilikuwa na kitabu mkononi, kidole kiko sura ya nne. Kipaza sauti kilikuwa kinawaka.

"Tusubiri kidogo," nikasema.

Alifika saa tisa kasoro robo. Simtaji, wala ofisi yake siitaji, maana ukimwondoa yeye ukaweka mwingine mambo yangekuwa yaleyale. Tukasimama. Akavishwa skafu. Mshereheshaji akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akataja mkubwa mmoja baada ya mwingine na cheo chake, kana kwamba haijazingatiwa hata kidogo. Mgeni akapewa kipaza sauti. Alizungumzia misitu. Alizungumzia kilimo cha parachichi. Aliwaasa vijana waache simu wasome vitabu, huku simu yake inaita mfukoni na yeye anaikata, inaita tena. Diwani ya mshairi aliiita simulizi ya maisha yangu, na kitabu changu akakisifu kwa vina na mizani. Mshairi alicheka kwa nguvu, watu wakadhani amefurahi.

Mimi nilikuwa meza kuu, nimebanwa katikati ya maua ya plastiki na chupa za maji. Hotuba ikiwa katikati nikamwona mwenzangu anasimama. Alipita nyuma ya turubai akaja kuinama sikioni kwangu.

"Gari linaondoka."

"Ngoja dakika kumi. Anamaliza sasa hivi."

"Siwezi. Mama mkwe hajala tangu asubuhi." Kisha akanyoosha kidevu kuelekea mstari wa mbele alipokaa mwalimu. "Wewe soma tu. Mimi nisipokuwepo si kitu. Yeye yupo."

Akaenda. Nilimwona mgongo wake mpaka alipopinda kwenye kona ya soko.

Hotuba iliendelea. Ilipokwisha, mshereheshaji akakumbuka kwamba mgeni rasmi hapewi mkono mtupu, na zawadi haikuandaliwa. Akaangaza macho mezani, akakiona chungu. Akakiinua juu kwa mikono miwili: "Utamaduni wetu wa Usambara!" Makofi. Mgeni akakipokea, akampa dereva, dereva akakibeba kwa vidole viwili ukingoni kama ndoo ya maji machafu. Chungu changu! Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Unamnyang'anyaje mgeni rasmi zawadi mbele za watu?

Ndipo nikaambiwa nisome, ila kwa kifupi, ukurasa mmoja tu, kwa kuwa mgeni ana shughuli nyingine.

Nilisimama. Mwalimu pale mbele alikuwa ameinama kidogo, mkono nyuma ya sikio, ananitabasamia. Mgeni rasmi anatazama saa. Mwenye duka anafuta jasho kwenye baridi ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka, naweza kuisema sura ile bila kutazama karatasi. Nikafunua kurasa za mbele, nikasoma ile ya mbuzi wa mchungaji aliyeingia kanisani akatafuna maua ya ndoa.

Walicheka sana. Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso. "Nilimfundisha mimi huyo!" akasema kwa sauti, na watu wakampigia makofi yeye pia.

Kwenye gari mshairi hakuwasha injini. "Sura ya nne iko wapi?"

"Muda haukutosha."

"Ukurasa wa mbuzi una mistari mingapi? Na wa sura ya nne una mingapi?" Hakungoja jibu. Aliwasha gari, na jioni ile nzima hakuniambia neno zaidi ya kuniomba chumvi.

Asubuhi nikamwomba anipeleke Malindi. Akakubali, akabaki garini, akasema hayo ni yangu na mwenzangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti, anakanda udongo. Alinisalimia kwa Kishambaa, akamtuma binti wa jirani alete chai, mikono haikuacha kukanda. Nilianza na mgeni rasmi. Nilimsema kwa kila namna, kuchelewa kwake, parachichi zake, chungu na dereva. Nilipandisha sauti mpaka kuku wakatawanyika. Yeye alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ulipopewa kipaza sauti," akauliza, "mwalimu alikuwepo bado?"

"Alikuwepo."

"Ukasoma?"

"Nilisoma ile ya mbuzi."

Mikono ikasimama. Akautazama udongo. Kisha akaanza tena kukanda, taratibu.

Nikatoa kitabu kwenye mkoba. "Nikusomee sasa," nikasema. "Yote. Tangu mwanzo."

"Mimi unisomee ya nini?" Hakuwa amekasirika, na heri angekasirika. "Insha niliiandika mimi. Sijasahau hata neno. Mimi sikuja Lushoto kusikia, nilikuja isikiwe." Akajifuta mikono kwenye kanga, akanishikisha kikombe cha chai nilichokuwa nimekisahau. "Mwalimu anakaa barabarani, ukiingia mjini, nyumba ya bati jekundu yenye kibaraza. Asubuhi anaota jua hapo nje. Unapita mlangoni kwake. Kamsomee yeye."

Nikamwambia nitafanya hivyo. Nilimwambia kwa moyo wote, na nilikuwa nimekasirika kweli, nimemkasirikia mgeni rasmi, mshereheshaji, mwalimu, na nchi nzima inayosimama mtu akishuka garini. Nikarudi garini. Nilimsimulia mshairi, akaniambia, "Vizuri. Nitasimama." Nikafungua kitabu nikaweka kidole sura ya nne.

Tulipoingia mjini nikaiona nyumba. Alikuwa kibarazani, amejifunika blanketi miguuni, peke yake, hana meza kuu wala mtu wa kumpigia makofi. Alilitambua gari. Akainua mkono.

Mshairi akapunguza mwendo. "Hapa?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, na Korogwe, mwendo wa saa mbili, walikuwa wanatutegemea kwenye usomaji wa saa kumi jioni. Nilimpungia mwalimu mkono, nikamwambia mshairi apitilize, tusije tukachelewa.